Mbung'o wa Mto wa Kwenu

Mama Ngoie,

Tulikuzika Jumanne. Leo nimeingia chumba cha picha, nisikukute ukianika karatasi zenye maji kwenye kamba. Daktari ameweka mtu mwingine. Anaosha vizuri, lakini hatazami anachoosha.

Wewe ulitazama. Hukusoma hata darasa moja. Mimi, karani niliyetoka shule ya misioni, ndiye niliyeandika jina chini ya kila picha ya inzi waliokamatwa mitoni, lakini sikuthubutu kuandika kabla ya kukugeukia. Picha hazina rangi. Humo inzi wote ni weusi. Ukanifundisha: "Weye angalia mabawa. Chafuo inayaachanisha. Mbung'o inalalisha moja juu ya ingine."

Halafu zikaja picha za inzi wa kijiji cha kwenu, upande wa Kaniama. Tulijua wote: akionekana mbung'o, yule anayeleta ugonjwa wa usingizi, serikali itawahamisha watu kutoka mtoni. Nikaandika upesi "chafuo", inzi asiyeleta ugonjwa huo. Kwa ajili yako, Mama. Daktari angetia sahihi tu. Ukainua picha dirishani, maji yakidondoka mpaka kwenye viwiko.

"Futa. Iko mbung'o."

Nikakwambia hakuna atakayejua.

"Miye najua. Na batoto ya kaka yangu banaoga mule mu mayi."

Nikafuta, nikaandika "mbung'o". Wakahamishwa. Mihogo ikaachwa ardhini. Kaka yako akasema umeuza kijiji, asikanyage tena kwako. Nilikuona ukilia, Mama, zaidi ya mara moja. Sikukusikia ukisema umekosea.

Sasa nikupe habari. Kaka yako alikuja! Alifika kwa miguu, vumbi mpaka magotini, akamnyang'anya mtu jembe, akalichimba kaburi lako peke yake mpaka mwisho. Watu wakataka kumpokea jembe, akakataa. Alipotoka shimoni alisema mbele ya wote kwamba watoto wake ni wazima, na kwamba waliong'ang'ania kubaki ng'ambo ya mto wanazikana kwa ugonjwa ule. Kisha akakaa chini, akalia. Nami nikalia.

Daktari amekuwa akinisifu mbele ya wageni. "Karani wangu ana jicho kali la kutambua inzi," husema, nami huinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Aibu gani hiyo.

Kwaheri, Mama. Lala salama kwa Bwana. Nakuahidi, kesho asubuhi, kabla ya kuketi mezani pangu, nitamwambia Daktari kwamba jicho lile lilikuwa lako. Akinifukuza, na anifukuze.

Karani wako