Risasi ya Mama Furaha haikutoka kwa Salum

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua inaosha mtaa wetu wa Bwiza tangu alfajiri, na maji ya paa la Salum yamevuka barabara tena hadi mlangoni kwangu. Nimelowa mpaka magotini, sijala kitu, na nina hamu ya kuimba barabarani.

Nimeshinda.

Niseme kwanza kwamba Salum simpendi. Ni mtu wa familia ya Kiomani, ana duka la vyombo ng'ambo ya barabara, na juu ya duka amejenga ghorofa lisilo na mtaro wa maji. Nimemwandikia, nimempigia kelele, nimemshambulia gazetini mara mbili. Hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Jumatano jioni risasi ilitoboa bati la paa la jirani yangu Mama Furaha, muuza vitenge kutoka Uvira. Alikuwa ameketi mezani akikata kitambaa. Ilimpita mkononi ikazama kwenye mbao za meza. Yuko hospitali, mfupa haukuguswa, atapona. Milimani jeshi na waasi walikuwa wanapigana kama kawaida yao, lakini nani aliifikiria milima? Tundu la bati liko upande wa ghorofa la Salum. Kabla hatujalala, mtaa ulikuwa umeshapata mkosaji.

Huu ndio ugonjwa wetu katika mwaka wa kumi na moja wa vita. Hatuwezi kuvumilia risasi isiyo na mwenyewe. Aliye mbali hatumfikii, basi tunamkamata aliye karibu.

Dezire, mdogo wake Mama Furaha, ndiye aliyewaongoza vijana. Aliwahi kuwa askari Kongo, kwa hiyo akizungumzia bunduki wote wananyamaza. Walimpa Salum mpaka leo mchana ahame na mke na watoto, la sivyo duka lingechomwa. Jana nilimwona mke wake akifunga magodoro kwa kamba. Nilirudi ndani, nikashindwa kuandika hata mstari mmoja.

Leo nikaenda nyumbani kwa Mama Furaha. Dezire alikuwepo na vijana wake, pamoja na shefu wa karitye, mkuu wa mtaa wetu, ambaye kazi yake leo ilikuwa kutazama viatu vyake. Niliomba uzi. Ncha moja nikaibana kwa msumari kwenye tundu la meza, ya pili nikampa Dezire apande kiti aipitishe kwenye tundu la bati. Uzi ulisimama karibu wima.

"Sasa weka jicho hapa chini, kama unavyolenga. Unaona nyumba ya Salum?"

Akalaza shavu mezani, kwenye vumbi la chaki ya vitenge, akafumba jicho moja.

"Naona wingu. Na mvua inanitemea mate."

"Kumbe Salum alipanda juu ya wingu?"

Vijana wakacheka. Dezire hakucheka.

"Mama Aline, bunduki si kalamu. Kule nyuma iko na kibati chenye namba, cha kulengea. Aliinua kile kibati, risasi ikapanda, ikashuka hapa. We umewahi kushika bunduki?"

"Apana. Na we umewahi kushika kitabu cha fizike?"

Nikachukua chaki ya kukatia vitenge nikaandika palepale mezani. Risasi ya bunduki hizi za vita inakwenda kama mita mia saba kwa sekunde. Barabara yetu, ukuta kwa ukuta, haizidi mita ishirini. Katika safari hiyo risasi inashuka chini ya urefu wa punje ya mchele. Punje ya mchele! Na kile kibati hakiipindi risasi. Kinamfanya mlengaji ainue mdomo wa bunduki ili risasi ifike mbali, basi. Ili ianguke kutoka juu namna hii, lazima irushwe kuelekea angani, kutoka mbali, ichoke huko.

Milimani.

Lakini mimi si mtoto. Najua chaki haijawahi kuzima kiberiti. Nilitaka maneno yatoke kinywani mwake.

"Dezire, kule Kongo, mutu yuko ng'ambo ya barabara. Unainua kibati mpaka namba ya mwisho, unamulenga usoni. Risasi inakwenda wapi?"

Alitazama chaki. Alitazama uzi. Vumbi jeupe lilikuwa limebaki shavuni mwake.

"Inamupita juu ya kichwa."

"Inapanda ao inashuka?"

"Inapanda."

"Sema kwa nguvu, shefu asikie!"

"Inapanda, Mama! Inapanda! Si yeye."

Akatoka kwenye mvua bila kofia, akavuka barabara, nami nyuma yake. Mke wa Salum alikuwa mlangoni na magodoro yake. Dezire alisimama mbele yake, akakosa pa kuweka mikono, kisha akainama akaanza kufungua kamba.

Siijui furaha iliyo kubwa kuliko kumwona mtu akifungua kamba kwa sababu umemshinda kwa hoja.

Salum akaja akanishika mikono yote miwili. "Mama Aline, dada yangu, Allah akulipe. Sasa ule ugomvi wetu umekwisha, inshallah?"

"Mutaro, Salum."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, au ilikuwa mvua ya paa lake.

Jumatatu naandika makala ya tatu kuhusu maji yale, kali kuliko zote mbili. Na mwenyewe atakuwepo kuisoma.