Kipande cha Mwisho cha Udongo Wako

Mama,

Ni mie, Feza wako. Unisamehe kuchelewa. Siku walipokuzika kule Kasongo nilikuwa huku kampi ya dhahabu nikitwanga muhogo, tena nikicheka na wenzangu. Habari ilinifikia matanga yamekwisha. Bwana wangu Ramazani aliniombea karatasi ya njia nije nione hata kaburi. Karani akasema muke wa mufanyakazi hatoki mupaka kontra ya kazi ya bwana wake iishe. Iko miezi kumi na moja bado. Basi nikakulilia jikoni, mu moshi, watu wasiniulize.

Mimba uliijua, ndiyo maana ulinitumia udongo. Ule wa mutoni kwetu, umeukausha juu ya moto, umeufinya vipande vipande na kuufunga mu jani la ndizi. Uliniagiza nilambe kidogo, nisitafune kama mbuzi. Nilitafuna kama mbuzi, Mama. Asubuhi, muchana, zaidi tangu nilipopata habari yako. Ukiyeyuka mudomoni nasikia harufu ya mvua ya kwetu, na uzio wa kampi nausahau.

Halafu damu ikanipungukia. Nilianguka kando ya kisima na ndoo yangu. Anfirmie, yule muganga wa kampi, akanifunua jicho, ndani jeupe kama muhogo wa kulowekwa, akanipa vidonge vya chuma. Siku ya tatu choo changu kikawa cheusi. Nikasema hawa watu wananiozesha tumbo, nikavifukia vyote mu majivu. Alipojua alifoka sana. Ule weusi ni chuma chenyewe, akasema, na udongo ninaokula unakikamata tumboni, mutoto hapati kitu. Nichague kimoja.

Mama, hapa kila kitu wamenichagulia: posho, nyumba, saa ya kuamka. Kitu kimoja walichoniachia nichague, ni wewe. Nilimukasirikia yule anfirmie. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa mbali nami. Lakini unamukumbuka mutoto wangu wa kwanza, uliyemuosha kwa mikono yako, asiyelia hata mara moja. Sitaki kumubeba mwingine kimya vile. Siwezi.

Juzi nilifungua jani. Kilibaki kipande kimoja. Nilikuwa nimeshakifikisha mudomoni nikaona alama ya kidole chako, kile chenye kovu la kisu. Nikaingiza changu mule mule, kikaenea.

Sikukila. Nimekifunga tena, nimekitundika juu ya jiko. Vidonge nameza kila siku mbele ya anfirmie, vina ladha ya jembe. Jana jioni mutoto alinipiga teke, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Pumzika, Mama yangu. Siku watakayotufungulia njia nitakuja naye mupaka kaburini kwako, na huu udongo nitaurudisha mutoni. Lakini kabla ya kuurudisha nitamushika kidole chake kidogo, nikiweke pale palipokuwa chako.

Feza