Kikombe cha Uzi Mwekundu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Bado nanyosha mashuka ya hospitali, pasi bado inaniunguza, na msimamizi bado ana mdomo. Umeniandikia kwamba utakuja mwezi ujao. Nimefurahi mno, lakini kuna jambo lazima ulijue kabla hujafunga mizigo.

Unamkumbuka fundi cherehani wa mlango wa pili, yule wa dini ya shemeji, ambayo sasa ni yako pia. Ndiye aliyekuwa akikaa na binti yangu nikiwa kazini. Kasuku, jina ulilompa mwenyewe kwa vile hurudia kila asikialo, sasa ana miaka sita.

Basi Kasuku alimpenda fundi huyo kupita kiasi. Akisukwa na fundi, nywele zilikaa wiki nzima. Nikimsuka mimi, saa sita mchana zishafumuka. Jino lake la kwanza lilipong'oka alikwenda kumwonyesha fundi, mimi nikaja kusimuliwa. Alipougua homa sikwenda kazini siku mbili nikimkanda, naye akawa anamwita fundi. Roho iliniuma, dada, sikufichi.

Kisha akaanza kusali kama fundi, amefumba macho, midomo ikicheza. Akamwuliza kama Mungu wake na wetu wanakaa nyumba moja. Fundi akamwambia swali hilo amletee mama yake. Mwanamke yule hakuwahi kumfundisha lolote. Saa ya sala zetu ikifika, yeye ndiye aliyemkumbusha mtoto arudi nyumbani. Nilitamani akosee hata mara moja, nipate la kusema.

Majuma matatu yaliyopita, mbele ya wateja wawili, fundi alimpa Kasuku maji, naye akayamwaga chini. Akatangaza kwamba Mungu hawataki watu wa dini ile, na mikono yao si safi. Nasikia fundi alipangusa sakafu mwenyewe. Jioni fundi akaja kwangu, macho mekundu, akasema bila shaka mtoto ameyaokota kwenye darasa la dini, akaniomba nizungumze na mwalimu taratibu. Nikaitikia. Nikaongeza kwamba mwalimu yule nilikuwa namtilia shaka tangu zamani.

Dada, mwalimu hajui chochote. Maneno yale ni yangu, neno kwa neno. Siku moja kabla nilirudi kazini vidole vimeungua, Kasuku akang'ang'ania sketi ya fundi, hataki kuja kwangu. Nikambeba akilia, na tulipoingia ndani nikamwambia hayo. Nilitaka tu apunguze kumpenda. Ulikuwa wivu, hakuna kingine. Mimi ninayeshinda na mashuka ya wagonjwa wa kila dini, yote yakifuliwa maji mamoja, ndimi niliyemfundisha mtoto nani mchafu.

Nimepata nilichotaka. Siku hizi anashinda kwa mama mwenye nyumba, na nikirudi ananikimbilia mimi, nami nakiri bado nafurahia. Ila kabla ya kunikumbatia hukagua viganja vyangu, akaniuliza kama leo nimemgusa fundi. Fundi mwenyewe sijamwambia. Kila asubuhi natoka nimekusudia, kisha nampungia mkono na kupita.

Juzi nilimweleza Kasuku kwamba unakuja. Akarukaruka kwa furaha, halafu akauliza kama ni kweli umehamia dini ya fundi. Nikasema ndiyo. Ilikuwa nafasi ya kuyafuta yote, ila nikaiacha ipite.

Usiahirishe safari, nakuomba. Nitukane kwanza, kisha unisaidie kuwaambia ukweli fundi na Kasuku. Msalimie sana shemeji, na goti ulitunze. Kasuku naye anakusalimu. Amekwisha kukutengea kikombe, kimekaa peke yake kwenye rafu ya chini, amekifunga uzi mwekundu ili mimi na yeye tusije tukakosea tukakinywea.

Mdogo wako,
mpiga pasi