Wameonyesha Yote Isipokuwa Kazi Yake

Jumapili, Dodoma. Vumbi tangu asubuhi, na mimi nimefura kwa hasira.

Mama mkubwa, dada yake mama, amekuja kutoka Kondoa kwa ajili ya filamu. Nilimwita mwenyewe. Banda la video la Chang'ombe lilibandika tangazo: maisha ya nyota wa kike wa Kihindi ambaye mama mkubwa alimpenda tangu usichana wake, enzi za sinema ya mjini. Nikajiona mtoto mwema kweli.

Nimejuta.

Mwanzo mpaka mwisho ni chupa na wanaume. Analia garini, analia bafuni, anapigwa kofi na mume wa kwanza, anamkimbilia wa pili. Hivi hawa watengeneza filamu wanadhani mtu anakuwa nyota kwa kulia? Hatukumwona hata mara moja akikariri maneno yake au akirudia dansi mpaka miguu ivimbe. Filamu za namna hii zote ndivyo zilivyo. Wanamdhalilisha marehemu weee, halafu mwishoni yanapita maandishi kwamba alikuwa mwigizaji mkubwa. Mkubwa wa nini, kama hamkutuonyesha?

Na mtafsiri naye! Yule anayekaa na maiki kutugeuzia maneno papo hapo. Wa leo Kihindi kinampiga chenga, basi kila alipokwama akajazia lake: "Malaya huyu, kazi yake kulewa tu." Banda zima likacheka. Mama mkubwa akavuta mtandio mpaka usoni.

Tulipotoka nilimvaa yule mtafsiri. Akanijibu kwa upole kwamba hakutunga kitu, picha yenyewe ndiyo inasema hivyo. Na ni kweli ndivyo inavyosema, na hilo ndilo linaloniuma.

Maana binti pekee wa mama mkubwa ana jina la mwigizaji huyo. Ukoo mzima ulitaka aitwe jina la bibi yake, mama mkubwa akakataa katakata. Jioni hii binti akapiga simu kutoka Gulwe, stesheni ya reli anakofundisha, kuuliza wajina wake alikuwa mtu wa namna gani.

"Hawa wa filamu hawamjui," mama mkubwa akamwambia. "Nitakusimulia mwenyewe, mwanangu."

Alipokata, akaniuliza kama kanda ile inaweza kufika Gulwe. Nikasema haiwezi. Nimemdanganya, siku hizi mabanda ya video yako kila stesheni.

Kesho namkatia mama mkubwa tiketi ya treni ya Gulwe. Lazima afike kabla ya kanda.