Kaka, Usimguse Faruk

Koboko,
Jumanne.

Kwa kaka yangu mpendwa Tombe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako, nikitumaini kwamba wewe na wifi Linda ni wazima hapo Awindiri. Miguu ya wifi bado inavimba? Mwambie apunguze kusimama sokoni, watoto wanamhitaji. Na wewe, kitambi chako bado kinakutangulia mlangoni? Mimi sina ugonjwa, ila mkono wa kushoto umefungwa bendeji na usingizi umenikimbia.

Barua hii anakuletea Victoria, jirani yangu, kwa sababu kwenye simu huniachii nimalize hata sentensi moja. Jana ulipiga kelele peke yako mpaka salio likaisha. Nilichoambulia ni kwamba Ijumaa unakuja na vijana wako wanaopakia malori pale mpakani Vurra, mna mapanga, na mnamtafuta Faruk, kwa kuwa ndiye aliyemtaja mdogo wetu Yengi kwa polisi kuhusu kifo cha mwalimu Obeti. Nakuomba kwa jina la mama usome yote, usirukeruke kama unavyosoma karatasi za forodha.

Hujawahi kufika kwenye maktaba yangu. Wewe hunitania tu kwamba nalipwa kwa kufuta vumbi. Kaka, chumba kile ndicho moyo wa shule. Watoto wanaotoka kambi ya wakimbizi, ambao kwao hakuna taa, hubaki pale mpaka jua linazama. Kitabu kimoja wanasoma sita, vichwa vinagongana, Mkakwa na Mlugbara wa hapa na mtoto wa kwetu Sudan, na ukurasa haufunguliwi mpaka wa mwisho aseme amemaliza. Walimu husahihisha kazi pale wakijificha mwalimu mkuu asiwatume. Nesi huja kuhakikisha jina la dawa. Wapishi wakimaliza kuosha masufuria huja nikawasomea gazeti, na hubishana kuhusu mpira kuliko wanafunzi. Nilikipenda chumba kile, nakwambia kweli.

Vitabu vilikuwa vikipotea, kwa hiyo niliweka utaratibu. Mwanafunzi anayetoka na kitabu ananiachia kadi yake ya chakula. Asiporudisha, jikoni hapati sahani. Mwalimu mkuu aliusifu mbele ya wazazi, na kweli vitabu vikaacha kupotea. Walimu hawakuachiwa zaidi ya viwili kwa mara moja.

Mwalimu Obeti wa baiolojia alitaka vya darasa zima. Sipendi kumsema marehemu, lakini alikuwa mjanja. Aliwaambia watoto wa kidato cha nne, Yengi akiwa mmoja wao, kila mtu aje achukue kimoja kwa kadi yake. Somo lilipokwisha akavikusanya vyote, akavifungia nyumbani kwake hapo shuleni ili baadaye wasome wale aliowapenda tu, kisha akapanda pikipiki kwenda kwao Vurra. Huku kadi zote ziko kwenye sanduku langu.

Darasa zima likakosa chakula. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba ruhusa nizitoe. Akanijibu bila kuinua uso: “Sheria iko sheria, Stella. Wewe mwenyewe naleta hiyo sheria.” Nikarudi maktaba, nikijiambia kwamba Obeti atarudi kesho. Kesho ikafika, na kesho kutwa, watoto wanakunywa maji ya bomba tu na kushinda wamelala juu ya madawati. Yengi alikuja dirishani, nikampa mkate wangu. Aliukataa. Alisema hawezi kula wenzake wakimtazama, akaniomba nitoe kadi. Nikamwambia avumilie. Niliogopa kufukuzwa kazi, kaka, maana ndiyo inayomsomesha.

Obeti aliporudi walimzunguka kabla hajazima pikipiki. Walidai vitabu. Yeye akawacheka, akasema siku zake mutu alisoma na njaa na akapita mtihani, na msichana mmoja alipomjibu akampiga kofi mpaka akaanguka. Hapo jiwe la kwanza likaruka. Sikuona nani aliyelirusha. La pili na la tatu yalikuja pamoja, na Obeti akakimbilia maktaba, nami nikafunga mlango kwa ndani.

Mlango haukudumu. Vioo vilivunjika vyote, kimoja kikanichana mkono. Waliangusha rafu juu ya rafu, wakakanyaga vitabu vile vile walivyokuwa wakisoma sita sita. Watoto niliowafahamu kwa majina sikuwafahamu tena kwa nyuso. Obeti alijibanza nyuma ya meza yangu akipiga huku na huku kwa kiti, na kiti kikampata Yengi mdomoni, meno mawili yakatoka. Yengi akang'oa chuma cha rafu. Alimpiga Obeti kichwani. Obeti akaanguka chali, kiti kikamtoka mkononi. Yengi akampiga tena. Pigo la kwanza ningeweza kuliita kujitetea. La pili, kaka, hapana. Nilikuwa karibu, damu ilinirukia kwenye gauni.

Wote wakatawanyika. Faruk peke yake ndiye aliyebaki, mtoto wa muuza nyama, rafiki wa Yengi tangu kidato cha kwanza. Alivua shati akamfunga mwalimu kichwa, akambeba hadi kwenye gari la shule. Obeti alikata roho njiani kabla ya kufika hospitali Arua. Mimi wakati huo nilikuwa nimemshika Yengi mkono, nimemwingiza chumbani ninakolala, hapo hapo shuleni, nimemsukuma chini ya kitanda na kufunga kufuli.

Ndugu za Obeti walikuja na lori. Walimkuta Faruk ana damu mpaka kwenye viwiko, na hawakuuliza mara mbili. Walimfungia ndani ya maktaba wakampiga kwa miguu ya viti. Walimtaka ataje aliyeua. Nilikuwa nje, chini ya dirisha, nikisikia kila fimbo. Kila mara alijibu lile lile: “Mimi hapana jua.” Walimtoboa jicho la kulia, na bado alisema hajui. Askari walikuwa wawili tu, wamesimama langoni, wanasema umati ni mkubwa na wanangoja wenzao. Kisha mtu mmoja akatoka ndani akiuliza nani ana petroli.

Sasa, kaka Tombe, kama umesimama, kaa chini.

Faruk hakumtaja Yengi. Mimi ndiye niliyemtaja. Nilimvuta askari mmoja kando nikamwambia kwamba aliyeua ni mdogo wangu, tumbo moja na mimi, na nikamwekea ufunguo wa chumba changu mkononi. Niliwaomba kitu kimoja tu, wampitishe nyuma na kumtia garini kabla watu hawajajua. Walifanya hivyo. Gari lilipokuwa limeshaingia barabarani ndipo askari aliyebaki alipoingia maktaba akatangaza kwamba muuaji ameshikwa, umati ukalikimbilia, na Faruk akaachwa sakafuni katikati ya vitabu. Nilimvuta nje mwenyewe.

Tangu siku hiyo wanafunzi wanamwita msaliti. Wanarusha mawe juu ya bati la baba yake, na watu wamegoma kununua nyama pale. Yeye anajua ni nani aliyesema, maana aliniona nikiingia maktaba nyuma ya askari huyo aliyetangaza. Neno moja tu lingemsafisha, na hajalisema. Nilikwenda kwao kumwuliza kwa nini ananyamaza. Akanijibu: “Madam, wewe iko peke yako hapa. Mimi iko na baba.”

Nikajua kwamba akinyamaza yeye, mimi sina ruhusa ya kunyamaza. Jana nilimpelekea Yengi chakula mahabusu, nikamwambia kila kitu. Alinitemea mate usoni. Sikujifuta. Mlinzi aliposema muda umekwisha, ndipo Yengi akauliza kama jicho la Faruk litapona. Nilimjibu kwamba halitapona. Akalia kama alivyolia tulipomzika baba, na chakula hakukigusa.

Nampenda Yengi kuliko unavyodhani. Lakini nisingeweza kumwacha mtoto wa mtu achomwe moto ndani ya maktaba yangu kwa kosa la mtoto wetu, na ingekuwa leo ningefanya vile vile. Basi ukija Ijumaa na hao vijana, usipite kwa muuza nyama. Mimi nitakuwa maktaba, naokota vioo. Mlango hauna kufuli tena. Waambie vijana wakae nje, uingie wewe mwenyewe na panga lako, unitazame.

Nisalimie wifi Linda na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwambie Victoria kama kuna jibu, na kama hakuna mwambie pia. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi dada yako, kama bado unaniita hivyo,

Stella Kiden