Mrashi Ndio Upi?

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Mjomba Abdulhalim kaleta kompyuta kwenye kiwanda chake cha chapa! Kainunua kwa Mtaliano aliyefunga hoteli yake, anarudi kwao. Nilidhani ni redio. Kisanduku tu, na kioo kidogo, na kila neno lililoandikwa humo ni Kitaliano. Kitabu chake pia Kitaliano.

Mjomba kasema: Mwanatumu, wewe umezoea taipu, utaishika wewe. Menza atasema achorewe nini, wewe utakuwa mkono wake. Kasema hivyo hivyo, Menza yupo. Menza kageuka, kaangalia dirishani.

Ndiye mchoraji wetu tangu nianze kazi hapa. Mabango, kadi za arusi, vibandiko vya chupa za maji ya matunda—vyote vyake. Mwezi wa tano jeki iliteleza akibadilisha gurudumu la lori la kakake, na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Bado huja kila siku. Hukaa. Mjomba hajamwambia kitu, lakini nimemsikia kwenye simu akiulizia mchoraji Mombasa.

Kazi yenyewe ni kitabu cha picha cha ngumbaru, watu wazima wanaoanza kusoma. Ni cha ofisi moja ya Kilifi. Kikipendeza wataleta vingine.

Jumatano, 5 Oktoba

Kile cha kushika mkononi kina waya kama mkia. Menza kasema ni panya. Mimi na panya! Nikasema ni sabuni—na kweli, kimekaa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ikawa sabuni. Ukiisogeza mezani, mshale unatembea kwenye kioo. Vipi? Nimeipindua: ndani mna kijimpira. Nimekichezea hata chai ikapoa.

Pembeni mwa kioo kuna vijipicha vimepangana. Penseli. Brashi. Raba. Ndoo inayomwaga. Kitanzi cha kamba—ukikizungushia kitu, kitu kinashikika, unakipeleka utakako. Na kopo linalorusha vitone vitone. Menza kasema: hiyo pampu ya dawa, ya kupigia mikorosho. Nikamwambia ni mrashi! Hujapata kurushiwa marashi arusini?

"Bi Mwanatumu, arusi za kwetu hatunyunyiziani kitu ila maneno."

Nimecheka. Mrashi umeshinda.

Ijumaa, 7 Oktoba

Kitu kiitwe kwa sura yake au kwa kazi yake? Swali hili limeniganda. Menza mara husema ndoo, mara mwaga, mara jaza. Kitu kimoja! Kila akibadilisha mimi husita. Nikamwambia. Kanijibu, si unaelewa tu?

Nimemwaga ndoo ndani ya nyumba tuliyochora, kumbe ukuta una ufa usioonekana. Wino ukavuja—mlango, ua, mbingu, kioo chote cheusi! Menza kasema, usiku umeingia mapema. Mjomba kaja kuona tunachekea nini.

Pia tumegundua: ukibonyeza raba mara mbili haraka, ukurasa mzima unafutika. Menza hiyo kaipenda. Asipopenda tulichochora husema futa tu, tushafuta kurasa mbili nzima.

Jumanne, 11 Oktoba

Siku mbaya.

Tangu Jumamosi tunachora mama anachota maji mto Sabaki. Picha nzuri kuliko zote. Menza husimama nyuma yangu: penseli, juu kidogo, kata kushoto, mrashi kwenye mchanga. Leo kaangalia, kaguna. "Mguu mbaya huu. Futa."

Nikajua ameichukia picha nzima, kama zile za juzi. Nikabonyeza raba mara mbili.

Kweupe.

Alikuwa na maana ya mguu! Mguu tu, kwa raba! Kapiga kelele. Sijapata kumsikia Menza akipiga kelele. Nami nikajibu: neno moja kwako lina maana mbili, mimi nitaingia kichwani mwako? Katoka. Mjomba kasimama mlangoni, kasema mwisho wa mwezi hauko mbali. Nikaikumbuka ile simu ya Mombasa.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimewahi kiwandani kabla ya mtu. Nimeyachukua maneno ya Kitaliano ya juu ya kioo, moja moja. Nachora mstari, nachagua neno, natazama litafanya nini. Mengine hayafanyi kitu. Moja limelia! Halafu hili: Annulla. Mstari ukatoweka. Nikalichagua tena—mstari ukarudi!

Laiti ningalijua jana.

Menza kaja. Sikumsalimu kwanza, nikamwonyesha. Nikafuta ukurasa wote makusudi, kashtuka, kisha nikaurudisha. Nikasema hii ni toba. Lakini toba ya mara moja. Ukigusa kitu kingine mlango umefungwa. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema padri wake angependa kuiona.

Halafu tumekubaliana, kwa utulivu. Chombo kimoja, jina moja, kila siku. Raba ni ya pahali padogo. Kusafisha ukurasa mzima ni fagia. Neno futa marufuku humu ndani! Mjomba kapita, kasema futeni vumbi kwenye meza hiyo. Tumeangaliana.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mama wa Sabaki amerudi, mpya, na mguu wake mzuri.

Kuna kijipicha sijakiandika humu. Mkono. Mkono wazi, ndio unaosogeza ukurasa. Tangu mwanzo Menza hukiita "kile cha kusogezea". Nami nikawa nasema sogeza. Leo kasema sogeza, nikashika kitanzi, nikauhamisha mtungi ukaenda mtoni peke yake.

Kasema, si hicho. Mkono.

Nikauvuta mtungi kuurudisha.

"Sema mkono, Bi Mwanatumu. Unaogopa nini?"

Siogopi, nikasema.

"Umeogopa tangu mwezi wa tano. Wewe, Mzee Abdulhalim, wote. Mwanipa kikombe kama mwampa mtoto."

Akauweka ule mkono mezani, kando ya sabuni. Sikuwahi kuutazama. Vidole vimekaa kama vya mtu aliyeshika yai. Nikauliza, unauma? Kasema asubuhi, kukiwa na baridi. Nikauliza, na wa kushoto je? Kasema wa kushoto haujui kitu, ushajaribiwa nyumbani, unaandika kama kuku.

Haya, nikasema. Mkono. Nikaubonyeza, ukurasa ukapanda. Tumefanya kazi hata adhuhuri.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu, kiwanda kimefungwa. Mama kaniuliza: nasikia wacheka kutwa huko kazini, kuna nini? Sijui kapashwa na nani. Nikamweleza toba na mrashi, naye kacheka, kauliza sabuni yatoa povu? Nikataja Menza kasema hivi, Menza kasema vile. Kaacha kucheka. Kaendelea kuchagua mchele.

Siku ndefu, bila kazi.

Jumanne, 25 Oktoba

Kaja Bi Waruguru, mwenye kazi yetu, kutoka ofisi ya Kilifi. Kwao Nyeri, Kiswahili chake kina haraka, hakina "shikamoo" mpaka akumbuke. Kazipenda picha! Ya mama wa Sabaki kaishika muda mrefu, kauliza nani kachora. Mjomba katuonyesha sisi wawili.

Kumbe nao wamepewa mashine kama hii, ila maneno yake Kiingereza. Karani wao, Sidi, anaiogopa. Bi Waruguru kaomba atuone tukifanya kazi. Menza kaanza: sabuni chini, mrashi, punguza, toba, kitanzi. Mkono wangu ukaenda mbio. Tulikuwa tunajionyesha, nakiri.

Bi Waruguru kakunja uso. "Ngoja. Toba? Mrashi ndio upi?"

Kasema: mnaongea vizuri, lakini mnaongea nyinyi wawili. Nataka majina ambayo Sidi atayafahamu akiwa Kilifi na nyinyi mko Malindi.

Nimeudhika. Kwa nini? Ana haki. Majina si ya kwangu. Lakini nimeudhika hata jioni.

Alhamisi, 27 Oktoba

Tumeyajaribu majina kwa watu. Jambo la kupendeza mno! Unamketisha mtu mbele ya kioo, unamtajia jina, unaangalia kidole chake kinakwenda wapi.

Mjomba: mrashi—kidole palepale. Nikafurahi. Menza kasema Mzee si kipimo, kazaliwa na mrashi mkononi. Tukamwita Kavumbi, askari wa langoni, mtu wa Ukambani. Mrashi? Kaonyesha ndoo. Kinyunyizi? Kafikiri, kaonyesha kopo. Sawasawa! Kitanzi kakijua bila kuambiwa. Toba kaitafuta kila mahali, masikini, kauliza kama ni ya Waislamu peke yao.

Kwa hivyo: toba sasa ni rudisha. Sabuni ni panya, na Menza hakuficha meno. Mkono umebaki, ndoo imebaki, raba na fagia zimebaki. Ajabu, aliyeutetea mrashi mpaka mwisho ni Menza. Kasema kinyunyizi ni jina la dukani. Mimi ndiye niliyesema uache uende.

Jumatatu, 31 Oktoba

Simu ya Kilifi imelia saa nane. Bi Waruguru: mtungi ule wa mama wa Sabaki uwe jerikeni, siku hizi wengi huchotea majerikeni. Picha wanayo kwenye mashine yao. Sidi ameketi, tayari. Menza amwelekeze kwa simu.

Menza kashika simu kwa mkono wa kushoto, kafumba macho. Dada, shika kitanzi. Zungushia mtungi, usiguse bega. Umeuondoa? Ukikosea, rudisha. Chukua penseli. Sasa ndoo—la, tazama ufa kwanza. Kinyunyizi, kidogo, chini ya jerikeni, ndicho kivuli. Laini inakoroma, anarudia, lakini jina ni lile lile kila mara, na upande wa pili namsikia Sidi akisema nimekiona! Nimekiona!

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine yetu, mikono mapajani. Haikuwa na kazi.

Imekwisha, jerikeni imesimama, Bi Waruguru kachukua simu kwa Sidi. Nikasikia maneno ya Menza tu. Ndiyo, mama. La, mkono bado haukunjiki. Wa Sidi utatosha? Vitabu vingapi? Na nyumba? Halafu kanitazama. Kasema, nipeni hadi saa kumi, nitapiga mimi.

Sasa saa tisa unusu. Mjomba yuko msikitini. Menza kaniambia: Kilifi wananitaka, nianze Jumatatu. Nikasema heri. Kasema, "Heri tu?" Nikasema jambo la heri huambiwa heri. Nikahamia kwenye taipu, nikafungua daftari hili, nionekane nina shughuli.

Kazunguka chumba. Kaizima kompyuta, kaiwasha. Kasema kitabu cha pili chaweza kuchorwa hapa hapa, kama kuna mtu angependa kichorwe hapa. Kasema hivyo akiangalia kalenda ya ukutani. Nikaendelea kuandika. Mtu gani? Na aseme jina!

Kageuka. Kakivuta kiti changu cha kule kwenye kompyuta, kakileta hapa kando ya taipu, kaketi. Anaitazama kalamu yangu inavyokwenda. Simu iko baina yetu, na muadhini ashanyamaza zamani, Mjomba atatokea mlangoni sasa hivi, naye kaufungua mdomo, kaniita—hakusema Bi. Kasema Mwanatumu. Jina kalitaja; naweka kalamu.