Nimepimwa Moyo, Usimutoe Mutoto

Yaya Shabani, mukubwa wangu,

Uko muzima? Ule muguu uliojikata na panga shambani umepona? Na Mapendo wetu, meno yameanza kuota? Mimi niko muzima hapa Kindu, mutaa wa Alunguli, tena ninazidi kuwa muzuri, wasichana wa soko wanateseka bure. Ila ninakula peke yangu. Ninapika ugali wa watu wawili, kisha ninautazama.

Muchuuzi wa mawese aliyepita kwenu Obokote ameniletea neno lako: tangu mama yake Mapendo afariki umeshindwa, na shangazi atakuja kumuchukua mutoto amulee kule Lubutu. Eti umesema, "Mwanaume hawezi kulea mutoto muchanga." Yaya, ngoja kwanza.

Juzi, pale tunapongojea abiria wa pikipiki, alikuja musichana wa iniversite, kile chuo kikuu. Anataka kujua tabia wanazoziita za kiume na za kike zinakaa vipi ndani ya muntu mumoja. Anakusomea neno, wewe unajipa namba: moja, si wewe kabisa, saba, ndiye wewe muzima muzima.

"Shujaa?" Saba! "Anajua kuongoza?" Saba! Wenzangu wakapiga kelele, "Dada, huyu mupe kumi!"

Kisha akasoma, "Mupole? Anapenda watoto? Anaona uchungu wa wengine?"

Nikakukumbuka wewe wakati wa vita, tunakimbia porini bila mama, umenifunga mugongoni na kitenge chake, unanitafunia muhogo na kunitilia mudomoni. Bunduki zinalia, wewe unaniimbia. Nikamwambia: saba, saba, saba.

Akajumlisha. "Kwako pande zote mbili ziko juu. Watu wengi wako hivyo, hawapungukiwi kitu."

"Kwa hiyo nimewashinda wote hawa?"

"Kaka, huu si mutihani."

Wivu tu! Mimi niliyeacha shule darasa la tano! Sasa wenzangu wananiita Mama Pikipiki. Ninacheka nao. Jioni kila mumoja anaenda kwao, na mimi ninabaki pale nafuta vumbi kwenye kiti.

Yaya, yule musichana hakukupima wewe. Angekupima, namba zingemuishia. Unasema mwanaume hawezi: basi mimi nililelewa na nani?

Usimutoe Mapendo. Pikipiki ninairudisha kwa mwenyewe, ninakuja. Siku moja wewe shamba, mimi uji na kufua. Siku nyingine tunabadilishana. Wenye kucheka uniachie mimi, mudomo wangu unaujua.

Salimia mama jirani anayemuogesha mutoto, mwambie nitajifunza kwake, asinipige. Salimia mwalimu aliyenifukuza darasani, mwambie iniversite imenifuata yenyewe. Shangazi umupe heshima zangu zote, aje kututembelea, ale, alale, arudi mikono mitupu. Na Mapendo umunong'oneze kwamba baba yake mudogo yuko njiani.

Mimi Ramazani, ambaye katika Kindu nzima hakuna hata mumoja wa kuniita "mudogo wangu".